Chungwa la Shimba Hills na Safari ya Kongowea

Leo tuzungumze biashara. Nataka tuangalie ugavi, yaani njia inayopitiwa na bidhaa kutoka kwa aliyeizalisha mpaka kwa atakayeitumia, pamoja na mikono yote inayoigusa katikati. Somo hili hufundishwa vyuoni kwa vitabu vinene, lakini mifano yake tunayo hapahapa Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, na wengi wetu tunaiishi kila siku.

Tuanze na chungwa. Kule Shimba Hills kuna machungwa mazuri, na ukishuka nayo hadi kwenye hoteli za Diani hata nusu siku haiishi njiani. Lakini si ajabu chungwa hilo likanunuliwa shambani na dalali, likapandishwa lori, likavuka feri ya Likoni, likakatiza kisiwa chote cha Mombasa, likapita daraja la Nyali na kushushwa soko la Kongowea. Pale linauzwa kwa jumla. Anayelinunua analiuza kwa msambazaji mwenye zabuni ya hoteli, naye analipakia upya, anavuka nalo feri kurudi kusini, na asubuhi linakamuliwa Diani. Na lile chungwa la Muheza, mkoani Tanga, linaloingia kwa mpaka wa Horohoro na Lunga Lunga, ndilo linalonishangaza zaidi. Lori lake hupita Ukunda, mlangoni mwa hoteli zenyewe, likielekea Kongowea, ndipo baadhi ya mzigo ule urudi kwa njia ileile ukiwa umeongezwa bei mara tatu au nne.

Watu wengi wakisikia habari hii husema hoteli zinatudharau. Wengine husema madalali ni wezi. Mimi nimelitazama jambo hili kwa muda, na nadhani tukiishia kwenye kulaumu tutabaki tulipo. Mnunuzi wa hoteli ana sababu yake, na ni vizuri tuisikie kabla hatujamjibu.

Fikiria hoteli yenye wageni mia tatu. Saa kumi na moja alfajiri mpishi anataka papai, nanasi, machungwa, mayai na maziwa viwe vimeshaingia jikoni, kwa sababu saa moja wageni wanakaa mezani. Mgeni amelipa miezi minne iliyopita, akiwa kwao Ujerumani au Poland, na amelipia kiamshakinywa pamoja na chumba. Huwezi kumwambia kwamba leo hakuna matunda kwa kuwa mwenye shamba amefiwa, au pikipiki iliharibika Mkongani. Kwa hiyo mnunuzi akienda Kongowea anatafuta kitu kimoja kuliko bei: uhakika. Kongowea wachuuzi wa machungwa ni wengi. Akikosa kwa huyu atapata kwa yule, kiasi kilekile, siku ileile. Mkulima mmoja wa Kubo, kulekule Shimba Hills, hata awe na machungwa matamu namna gani, peke yake hawezi kumpa uhakika huo. Hoteli hununua tunda na uhakika kwa pamoja, na sisi tumekuwa tukizipelekea tunda tu.

Uhakika huo unajengwaje? Hapo ndipo somo lenyewe lilipo, na Likoni inatufundisha vizuri kuliko mahali pengine popote ninapopajua.

Mkono wa bahari wa Likoni una upana wa nusu kilomita hivi. Kwa miaka mingi shirika la feri lilikuwa likitaja zaidi ya watu 300,000 na magari kama 6,000 kwa siku. Feri yenyewe ikishang'oa nanga haikai dakika kumi majini. Kinachomuumiza mfanyabiashara ni kutojua atavuka saa ngapi. Tuseme siku tisa kati ya kumi lori linavuka kwa nusu saa, na siku ya kumi, feri moja ikiwa imeharibika, linakaa saa tatu. Ukipiga wastani utapata dakika arobaini na tano, na ukiisoma ripoti ofisini utaona mambo ni mazuri. Lakini mpishi hawezi kupika kwa wastani. Mwenye lori ana njia tatu tu. Aondoke saa tatu mapema kila siku, amlipe dereva kwa kukaa bure siku tisa. Au aweke akiba ya bidhaa upande wa pili, alipie stoo na friji. Au akubali kwamba mara moja kila siku kumi atamwangusha mteja wake, na mteja akiangushwa mara mbili huwa hatafuti sababu, hutafuta mtu mwingine. Gharama hizo zote zinatokana na siku ile moja isiyotabirika. Ndiyo maana wenye taaluma hii huogopa safari isiyojulikana kuliko safari ndefu. Lori linalotoka mbali kwa saa nane kila siku bila kukosa linaweza kupangiwa kazi vizuri kuliko la jirani linalokuja leo saa mbili na kesho saa sita.

Na tunapozungumza haraka ya kuvuka, tusiwasahau wenzetu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama ikiwa imejaa watu kupita kiasi, na watu 272 wakafa. Wengi walikuwa wakivuka kwenda kazini asubuhi. Mpango wowote wa uchukuzi unaotegemea kujaza chombo kupita uwezo wake ni mpango mbaya, hata ukileta faida miaka kumi.

Sasa tuna barabara ya Dongo Kundu. Sehemu ya kwanza ilifunguliwa 2018, kisha yakaja madaraja marefu ya Mwache na Mteza, na tangu 2024 gari linaweza kutoka Miritini likatokea Kibundani, kwenye barabara ya Lunga Lunga, bila kuiona feri. Hili ni jambo kubwa. Sasa lori la kutoka bara linaweza kufika Ukunda kwa saa inayokadirika. Nafurahi, na nyinyi mna haki ya kufurahi. Lakini naomba tulitazame kwa macho yote mawili. Barabara hupitisha mizigo pande zote. Viazi vya Nyandarua na nyanya za Loitokitok, ambazo feri ilikuwa ikizichelewesha, sasa zinaweza kuingia Diani moja kwa moja. Ucheleweshaji ule ulikuwa unamkinga kidogo mkulima wa Kwale bila yeye kujua. Kinga hiyo imeondoka. Tusipojipanga, daraja la Mteza litaleta mizigo mingi kuliko litakayopeleka.

Kuna waliojipanga mbele ya macho yetu, nasi tukawa tunatazama malori yao yakipita. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini pale Maumba na Nguluku, na meli ya kwanza ikapakia mzigo wake Februari 2014. Uchimbaji ukaisha Desemba 2024. Mengi yamesemwa kuhusu mgodi ule, ya ardhi, ya fidia, ya mrabaha, na yote yanastahili kipindi chake. Leo nitazame jambo moja tu: walipojenga gati na ghala lao. Walilijenga Likoni, upande wa kusini. Mzigo wao haukuwa na sababu ya kupanda feri. Mtu aliyepiga hesabu ile aliona kizingiti kilipo, akapanga kazi yake yote isikiguse.

Na ghala lile lilikuwa na kazi yake. Malori yalileta madini kidogo kidogo. Meli ilikuja baada ya muda, ikataka maelfu ya tani kwa mkupuo mmoja, na meli hulipiwa kila siku inayokaa gatini. Ghala lilikaa katikati, likapatanisha kasi ya lori na kasi ya meli. Wengi wetu tunaona bidhaa iliyolala stoo kuwa ni pesa iliyolala, na mara nyingi ni kweli. Lakini akiba iliyowekwa mahali panapofaa, kwa kiasi kilichopigiwa hesabu, ndiyo inayoruhusu pande mbili zenye mwendo tofauti zifanye kazi bila kugombana. Niongeze jambo ambalo linanikera kwa dhati: mgodi umefungwa, lakini wale vijana wetu waliokuwa wakiendesha mizani, wakipanga zamu za malori, wakitunza vitabu vya stoo na kuandaa karatasi za meli, bado wako Ukunda na Msambweni. Wana ujuzi wa zaidi ya miaka kumi. Vyama vya ushirika vya wakulima na wavuvi viko palepale, vinahangaika kukosa mtu wa kupanga mizigo. Kwa nini watu hawa hawajakutanishwa?

Twende baharini sasa, maana huko saa inakimbia zaidi.

Mvuvi wa Gazi, wa Shimoni au wa Vanga anafanya kazi kwa ratiba ya upepo. Kaskazi, kuanzia Novemba hivi hadi Machi, bahari inatulia na samaki wanapatikana kwa wingi. Kusi kikianza, kuanzia Aprili, mawimbi yanakuwa makubwa na vyombo vidogo hubaki ndani ya miamba. Sasa weka ratiba hiyo kando ya ratiba ya watalii. Desemba hadi Machi wageni wamejaa na samaki wamejaa. Vizuri. Aprili hadi Juni wageni wachache na samaki wachache. Hakuna taabu. Tatizo liko Julai na Agosti: Ulaya wako likizo, hoteli zinajaa tena, na huku kusi bado kinavuma. Hapo ndipo hoteli inaponunua samaki wa kugandishwa waliotoka mbali, wengine kutoka nchi nyingine kabisa. Halafu mwezi Februari, kolekole na nguru wanapomiminika, bei inaanguka ufuoni mpaka mvuvi anakopesha. Samaki tunao, ila wamepishana na wageni kwa miezi mitano.

Pengo hilo la miezi linazibwa kwa barafu, kwa chumba baridi, na kwa umeme usiokatika. Hata kabla ya kufikia chumba kikubwa cha kugandisha, kuna saa sita za kwanza. Samaki aliyelala juani kwenye sakafu ya ngalawa tangu alfajiri, hata ukimwekea barafu adhuhuri, ameshapoteza sehemu ya thamani yake na hairudi tena. Mvuvi akiondoka na kasha la barafu, bei anayoweza kudai inabadilika hata kama samaki ni yuleyule. Mama karanga, yule anayekaanga na kuuza samaki, anajua hili kuliko mtu yeyote. Kwa kuwa hana barafu, anakaanga. Mafuta ya moto yanampa siku moja au mbili za ziada. Ile ni akili ya ugavi. Amesoma soko lake, amejua bidhaa yake itaoza lini, akaibadilisha umbo ili imfikie mteja ikiwa bado inalika. Huyu mama akipewa mkopo wa friji ataitumia vizuri, maana ameshaelewa saa inavyokimbia.

Kuharibika kwa mali njiani ni jambo ambalo hatulipigii hesabu ipasavyo, kwa hiyo naomba uchukue kalamu. Huu ni mfano wa hesabu tu, wala si bei ya soko. Umenunua maembe elfu moja, kila moja shilingi 8. Hizo ni shilingi 8,000. Umeyatia kwenye magunia, lumbesa zile zilizofutuka, ukalipa gari shilingi 3,000. Jumla 11,000. Ukifika, mia mbili yamepondeka. Umebaki na maembe 800, na kila moja limekugharimu shilingi 13 na senti 75. Sasa rudia safari ileile, lakini kodi kreti kwa shilingi 1,500. Jumla inapanda hadi 12,500, na mwenzako anakucheka kwamba unatupa pesa. Unafika, yamepondeka hamsini tu. Umebaki na 950, kila moja limekugharimu shilingi 13 na senti 16. Aliyelipa zaidi ametumia kidogo zaidi kwa kila embe. Tena ana maembe mia na hamsini zaidi ya kuuza, na yake hayana alama, kwa hiyo hoteli itayapokea. Kosa la wengi wetu ni kutazama nauli peke yake, au bei ya kununulia peke yake. Gharama ya kweli ni ile ya bidhaa iliyofika salama mkononi mwa mnunuzi.

Kuna jambo jingine, linalohusu wingi. Kibuyuni, karibu na Shimoni, kina mama wamekuwa wakilima mwani kwa zaidi ya miaka kumi, wakisaidiwa na watafiti wa KMFRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa bahari na uvuvi. Mwani hukaushwa, hufungwa kwenye magunia, na mwisho wake huwa ni viwanda vya mbali vinavyoutumia kwenye vyakula na vipodozi. Mnunuzi wa nje hawezi kuleta kontena kwa ajili ya magunia manane ya mama mmoja. Anataka kontena lijae. Kwa hiyo uwezo wa kina mama wale kuuza ulitokana na mambo matatu madogo yasiyopigwa picha: walikubaliana kiwango kimoja cha ukavu, wakakusanya mahali pamoja pasipovuja, wakauza kwa jina la kikundi. Mmoja akitia mchanga kwenye gunia lake, kontena zima linashushiwa bei. Ndiyo maana kikundi kinachofanya kazi vizuri humchunguza mwanachama wake kabla mnunuzi hajamchunguza. Machungwa ya Kubo yanahitaji jambo hilohilo. Embe za Msambweni pia. Wakulima arobaini wakikusanya pamoja, mmoja akifiwa wapo thelathini na tisa, na hapo mnunuzi wa Diani anapata uhakika aliokuwa akiufuata Kongowea.

Ila kina mama wa mwani wanakabiliwa pia na hatari ya mnunuzi mmoja. Wazee wa Ramisi wanaijua hatari hiyo. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, na inabidi uingie kiwandani ndani ya siku moja au mbili. Huwezi kuubeba kwenda kutafuta soko jingine mbali. Kiwanda cha zamani cha Ramisi kilipofungwa 1988, mkulima wa muwa alibaki na shamba lililoiva lisilo na pa kwenda, na ikapita zaidi ya miaka ishirini kabla kiwanda kipya cha KISCOL hakijaanza kusaga. Watoto walizaliwa, wakasoma, wakaoa katika kipindi hicho. Bidhaa inayoharibika haraka na yenye mlango mmoja tu wa kutokea humweka mkulima mikononi mwa mwenye mlango. Mwaka 2020 tuliiona hatari hiyo kwa upande mwingine. Aprili serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Kwale kwa sababu ya korona. Malori ya mizigo yaliruhusiwa, barabara ilikuwa wazi kwao, lakini hoteli zilikuwa zimefungwa. Waliokuwa wakiuza hotelini peke yake walikwama. Waliokuwa na wateja pia Ukunda mjini, shuleni, na kwa mama karanga, waliumia lakini hawakuanguka. Dunia nzima ilipata somo kama hilo Machi 2021, meli ya Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez kwa siku sita, na viwanda vilivyokuwa vikitegemea njia moja na akiba ndogo vikaanza kuhesabu hasara. Kwetu Likoni hatukuhitaji Suez kutueleza.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa lilinileta mbele ya kipaza sauti hiki. Pesa.

Mzigo unapokwenda mbele, pesa inapaswa kurudi nyuma. Inapochelewa kurudi, mnyororo wote unakatika, hata barabara iwe ya lami na kreti ziwe mpya. Mkulima akipeleka mboga hotelini huambiwa aache invoisi, atalipwa baada ya siku 30. Mara nyingi zinakuwa 60. Zinakuwa 90. Katika siku hizo tisini anatakiwa anunue mbegu, alipe kibarua, apeleke mtoto shule, na aendelee kuleta mboga. Ukilitazama vizuri, mkulima wa Mwabungo anaikopesha hoteli ya mamilioni, bila riba na bila dhamana. Dalali kwa upande wake hufika shambani na noti mfukoni au humtumia kwa M-Pesa papo hapo. Bei yake ni mbaya, lakini ni pesa ya leo. Ndiyo sababu chungwa linapanda lori la Kongowea. Tunamlaumu dalali, na hali yeye ndiye pekee aliyeielewa shida ya mkulima na kuitatua, kwa bei yake.

Na deni la msambazaji si hadithi ndogo. Tuliona Nakumatt, kampuni ya maduka makubwa iliyokuwa na matawi mpaka Likoni na Diani, ikianguka na mabilioni ya shilingi ya waliokuwa wakiiletea bidhaa, na Januari 2020 wadai wake wakapiga kura ifungwe. Walioumia zaidi ni wale wadogo, wa maziwa na mayai na mikate, wasio na wakili. Walipeleka bidhaa kwa miezi bila kulipwa kwa kuwa waliogopa kupoteza mteja mkubwa. Msikilizaji, mteja asiyelipa si mteja mkubwa, ni hasara kubwa.

Hata dawa za hospitali zinafuata kanuni hiihii. Hospitali ya Msambweni, na zahanati zilizo chini yake hadi vijijini, hutegemea sana dawa za KEMSA, mamlaka ya taifa ya ugavi wa dawa, na kaunti inapaswa kulipa. Zahanati ikikosa dawa watu husema zimeibwa, na huenda wakati mwingine ni kweli. Lakini mara nyingi kosa limeanza mapema zaidi: kitabu cha stoo hakikujazwa, hivyo oda ikapelekwa kwa kukisia, au deni la nyuma halikulipwa, hivyo oda mpya ikangoja. Chanjo nayo inataka ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 kutoka ghala mpaka kwenye mkono wa mtoto, na friji moja ikizimika njiani, kazi ya wote waliotangulia imeharibika. Karani anayejaza kadi ya stoo jioni, amechoka, bila mtu wa kumsifu, anaokoa maisha sawa na muuguzi. Nalisema hili nikimaanisha.

Habari, basi, ndizo zinazoongoza mzigo na pesa. Hoteli inajua kufikia Agosti ni vyumba vingapi vimelipiwa kwa Desemba. Inajua watu wangapi watakula nanasi tarehe 24. Mkulima wa Kubo hajui. Anapanda kwa kubahatisha, na mwaka bei ikiwa nzuri wote wanapanda, mwaka unaofuata wote wanatupa. Habari ile iko kwenye kompyuta ya ofisi ya manunuzi, kilomita chache kutoka shambani, na haimfikii. Haina gharama kuitoa. Ni ujumbe wa simu kwa mwenyekiti wa kikundi: wiki hii tutahitaji kilo kadhaa za kitu fulani, za ukubwa fulani, siku fulani, mlango wa nyuma, kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Babu zetu wa Vanga na Wasini waliokuwa wakipeleka boriti na mbata Uarabuni kwa majahazi walijua kaskazi kitaleta nani na kusi kitampeleka nani, na wakaandaa mzigo miezi kabla. Leo tuna simu kila mfuko, na bado tunapakia kwa kubahatisha.

Nawaomba basi watu watatu. Wewe mwenyekiti wa kikundi cha wakulima au wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufuo, anza na bidhaa moja na hoteli moja, kiasi ambacho unaweza kukitimiza hata wiki mbaya, na usiahidi zaidi mpaka umetimiza wiki kumi na mbili mfululizo. Nyinyi viongozi wa kaunti, kabla ya kujenga soko jingine, hakikisheni mitambo ya barafu iliyopo kwenye bandari za wavuvi inafanya kazi na ina fundi anayelipwa, na walipeni wanaowaletea bidhaa kwa wakati. Na wewe ndugu yangu wa ofisi ya manunuzi pale Diani, najua unanisikiliza kwa maana redio iko jikoni kwako. Chukua orodha ya vitu kumi unavyonunua Kongowea. Tafuta vitatu vinavyolimwa au kuvuliwa ndani ya Kwale. Vipe vikundi vyetu makadirio yako ya Desemba mapema, wakati bado kuna muda wa kupanda na kupanga, na mwambie mhasibu wako alipe invoisi za vitu hivyo vitatu ndani ya siku kumi na nne.